Flashi Haisomi, Kadi Imegoma, Diski Inagonga: Tafuta Chanzo Kabla ya Kufomati

Amua kwanza: unataka kuokoa kifaa, au unataka kilichomo ndani yake? Flashi, memori kadi, hata hadi diski (hard disk) ya nje, vyote vinanunulika tena. Picha za harusi na hesabu za duka hazinunuliki. Swali hili linatangulia mengine yote kwa sababu dawa nyingi zinazofufua kifaa ndizo zinazoua data: kufomati, amri ya clean ndani ya diskpart (programu ya Windows ya kupanga diski kwa amri), hata chkdsk /f, amri ya Windows ambayo hurekebisha diski papo hapo na pengine hukuachia vipande vya faili visivyo na majina. Asiyejali kilichomo na afomati tu, akikosea hana hasara.

Anayejali ashike mambo matatu. Asiandike kitu chochote kipya ndani ya kifaa. Kompyuta ikimuuliza kama anataka kufomati, akatae. Na kifaa kikigonga, kikitoa harufu ya kuungua au kikiwa moto usioshikika, akichomoe hapo hapo.

Baada ya hapo kazi huenda kutoka nje kuingia ndani: tundu na waya, umeme, chipu, mfumo wa faili, na faili zenyewe mwisho. Kuanza na programu za kuokoa data kabla ya kubadilisha waya ni kupoteza siku, na kwa diski iliyoumia ni kuimalizia.

Hakuna taa, hakuna mlio, haionekani popote

Badilisha tundu. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, yaliyo kwenye bodi yenyewe. Yale ya mbele huungwa kwa waya mrefu wa ndani, na katika saiba yenye wateja wengi huwa yameshalegea. Ondoa hab (kile kigawanya tundu la USB) na waya wa kurefushia. Jaribu kompyuta ya pili. Kifaa kikisoma huko, kosa si lake.

Kisha waya. Nyaya nyingi zinazouzwa na chaja za bei ndogo zina nyuzi mbili tu ndani, za umeme peke yake. Za data hazimo. Taa ya diski itawaka, diski itazunguka, lakini kompyuta haitajua kama kuna kitu kimechomekwa. Hadi diski nyingi za nje hutumia kichwa kile kipana chenye sehemu mbili, na kichwa hicho hulegea. Diski ikionekana unapoukandamiza waya na kupotea unapouachilia, umepata jibu. Badilisha waya, ukikuta hali ni ile ile, tundu la diski limeachana na bodi na linahitaji kulehemiwa.

Mombasa kuna sababu nyingine ambayo watu wa bara hawakutani nayo sana: chumvi. Kwa nyumba na maduka yaliyo karibu na maji, iwe Nyali, Likoni au Mji wa Kale, upepo wa bahari huleta chumvi, unyevu wa hewa huiyeyusha, na sehemu za shaba za kifaa hupata utando wa kijani au mweupe. Chukua flashi uitazame ndani ya kichwa chake chini ya mwanga mkali. Vile vidole vinne vinatakiwa kung'aa. Vikiwa na weusi au ukijani, visugue polepole kwa raba ya penseli, futa mabaki kwa mswaki mkavu, kisha pitisha kijiti cha pamba kilicholowa isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa inafaa pia, ila sehemu iliyobaki ni maji, kwa hiyo ngoja saa nzima kabla ya kuchomeka. Memori kadi ni vivyo hivyo, kwa mkono mwepesi zaidi. Usitumie petroli, marashi wala mafuta ya kulegezea bolti. Na usisahau upande wa pili: tundu la kompyuta nalo lina kutu ile ile, na flashi safi ndani ya tundu chafu haibadilishi kitu.

Sababu ya tatu ni umeme. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900. Hadi diski ya inchi 2.5 huvuta umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka, na tundu dhaifu likishindwa utasikia diski ikiamka, ikitoa mlio mwembamba, ikizima, ikianza tena. Watu husikia hivyo wakadhani diski imekufa. Ihamishe kwenye tundu la buluu au lenye alama ya SS, tumia waya mfupi usiofika hata nusu mita, au hab yenye adapta yake ya stima.

Diski kubwa za inchi 3.5 hazitegemei umeme wa USB. Zina adapta ya volti 12, na hapa pana ajali inayojirudia: adapta ya laptopu ya volti 19 yenye pini inayoingia vizuri tu. Ikichomekwa, kinachoungua kwanza mara nyingi ni bodi ndogo ya kasha la nje, au diodi ya ulinzi kwenye bodi ya diski. Mara nyingi data iko salama. Toa diski kwenye kasha, iunge kwa adapta nyingine ya SATA (ya kuunga diski tupu kwenye USB). Isipoamka, fundi wa elektroniki apime diodi zile kwa mita. Iliyoshika shoti ikitolewa, diski inaweza kusoma tena kwa muda wa kunakili. Baada ya hapo haina ulinzi wowote, kwa hiyo usiirudishe kazini. Stima ikikatika pia, chomoa adapta ukutani ungoje irudi na kutulia. Ule mruko wa kurudi ndio unaoua.

Kompyuta inalia kuwa imeiona, lakini haimo kwenye orodha ya diski

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc. Dirisha hili lina ukweli zaidi kuliko lile la kufungulia faili, na unachokiona humo ndicho kinachoamua njia ya kufuata.

Sehemu ipo na mfumo wake wa faili unatajwa, ila haina herufi: hakuna ubovu. Bofya kulia, iongezee herufi. Hutokea sana kwenye kompyuta za ofisi ambazo diski za mtandao zimeshika herufi zote za mwanzo.

Imeandikwa RAW: mfumo wa faili umevurugika au Windows haiujui. Tutaufikia baada ya hapa.

Nafasi yote ni nyeusi, haijagawanywa: jedwali la mgawanyo limepotea. Usiunde sehemu mpya. TestDisk, programu ya kuokoa data, hutafuta mipaka ya zamani na mara nyingi huipata yote.

Jina la kifaa lipo lakini ukubwa ni sifuri, au panasema hakuna kitu ndani: chipu ya kudhibiti inaongea na kompyuta lakini haifikii kumbukumbu iliyo nyuma yake. Hakuna programu ya kuokoa data itakayofanya kazi, kwa kuwa hakuna cha kuisomea. Ni kazi ya fundi wa chipu, au ni basi.

Na kabla hujahukumu, uliza kifaa kimetoka wapi. Flashi iliyotengenezwa ya kuwekea Linux, diski iliyotoka kwenye Mac, diski ya mashine ya kurekodi kamera za usalama: zote Windows itaziita mbovu na kuomba zifomatiwe, ilhali ni nzima kabisa. Mashine nyingi za kamera hutumia mpangilio wao wenyewe. Irudishe diski kwenye mashine yake utoe picha kupitia menyu yake. Ushahidi wa wizi umeshapotea hivi, kwa mtu kubofya neno moja tu.

Inaomba ifomatiwe, na jana ilikuwa nzima

Mara nyingi imechomolewa ikiwa bado inaandikwa, au stima imekatika katikati ya kunakili. Kinachoharibika huwa ni sehemu ndogo tu. Mfumo wa faili ni kama fahirisi ya kitabu: ikichanika, kurasa zipo zote ila hujui kipi kiko wapi. FAT32, mfumo wa faili wa zamani, huweka nakala mbili za jedwali lake. exFAT, iliyotoka mwaka 2006 na ndiyo inayokuja kwenye kadi nyingi za GB 64 na zaidi, kwa kawaida ina moja tu. Zote mbili hazina daftari la kumbukumbu la kurudisha mambo nyuma kama NTFS, mfumo wa faili wa diski za ndani za Windows, na ndiyo sababu kadi ya kamera huvurugika kirahisi kuliko diski ya ndani ya laptopu.

Tangu toleo la 1809 la Windows 10, mwaka 2018, vifaa vya USB huwekwa katika hali ya kuchomolewa haraka bila kungoja. Hali hiyo hupunguza hatari, haiiondoi. Taa ikipepesa, faili bado linaandikwa.

Hatua zenyewe:

1. Kataa kufomati. Weka kifaa kando mpaka upate diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. Kwa kadi ya GB 64 unahitaji GB 64 tupu kwa nakala, na nyingine kwa faili zitakazotolewa.

2. Tengeneza nakala ya kifaa kizima, sekta kwa sekta (sekta ni kipande kidogo cha diski), usifanyie uokozi kwenye kifaa chenyewe. Kwenye Linux andika lsblk kwanza ukitambue kifaa kwa ukubwa wake, kisha:
ddrescue -d -r3 /dev/sdX nakala.img ramani.log
Weka herufi halisi mahali pa X. Chanzo hutangulia, mahali pa kuhifadhi hufuata, ukivigeuza unafuta. Faili lile la ramani hukuruhusu kusimamisha kazi na kuendelea baadaye palepale ulipoachia. Programu hii husoma kwanza sehemu nzima kwa haraka, ndipo irudi kwenye sehemu zenye shida, jambo ambalo kunakili kwa kuburuta hakufanyi: huko ukikutana na sekta mbovu moja, kazi yote inakwama.

3. Fungua nakala.img kwa TestDisk. Folda zikionekana na majina yake, zinakili na kazi imekwisha.

4. TestDisk ikishindwa, tumia PhotoRec juu ya nakala ile ile. Hii haitazami fahirisi kabisa. Hutafuta alama za mwanzo wa picha, nyaraka na video. Utapata faili, lakini majina na folda vimekwenda, na maelfu ya picha yatakuja yamechanganyika. Video ndefu zilizoandikwa vipande vipande ndizo huumia zaidi. Wapiga video wa harusi wanatakiwa kulijua hilo kabla ya kumwahidi bibi harusi.

5. Fungua faili kadhaa za mwanzo, za kati na za mwisho. Zikicheza, sasa fomati kifaa, na iwe fomati kamili badala ya ile ya haraka. Fomati kamili hupita kila sekta, na kifaa kitakachoshindwa kuimaliza hakifai kazi tena.

Kwa SSD ya mfukoni, yaani diski ya chipu isiyozunguka, hesabu ni tofauti. Ukifuta faili au ukifomati, mfumo unaweza kutuma amri ya TRIM, nayo SSD ikaanza kusafisha sehemu hizo yenyewe bila kukungoja. Kwenye hadi diski ya kuzunguka faili lililofutwa hukaa mpaka liandikwe juu. Kwenye SSD laweza kutoweka kwa dakika chache. Ukishafuta kwa bahati mbaya, chomoa kwanza, fikiri baadaye.

Folda zote zimegeuka njia za mkato

Umetoka saiba kupiga chapa, unafungua flashi nyumbani, kila folda ina kishale kidogo. Faili hazijafutwa. Virusi imezificha na kuweka njia za mkato zenye majina yale yale, na kila unapobofya mojawapo unaiendesha virusi kwanza ndipo folda ifunguke. Usibofye. Skani kompyuta na flashi, kisha fungua dirisha la amri na, kama flashi ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitarudi. Wakati mwingine zote zimo ndani ya folda moja isiyo na jina. Zitoe, futa njia za mkato na faili lolote la programu au hati ya amri usilolijua, kisha nakili nyaraka mahali salama ufomati flashi. Kufuta vishale bila kusafisha kompyuta ni kazi bure, vitarudi ukichomeka tena.

Kwa wanaopiga chapa fomu na barua kila wiki, flashi ya saiba iwe ya saiba tu: ndogo, yenye ile PDF peke yake. Au tumia kadi ya SD ndani ya kisomea kadi, ukiwa umesukuma kitufe chake cha pembeni kwenye kufunga. Lakini kitufe hicho ni plastiki tupu. Kadi yenyewe haijui kama imefungwa. Ni kisomea kinachotakiwa kutii, na vya bei rahisi vingine havitii.

Inakataa kuandika

Tazama kitufe hicho hicho kwanza, kwa kadi na kwa flashi chache zilizo nacho. Kitufe kilicholegea huteleza chenyewe kadi inapoingia kwenye kamera; kipande cha utepe mwembamba hukishika mahali pake.

Kama kosa linakuja kwa faili kubwa tu, na nafasi ipo tele, hiyo ni FAT32. Haipokei faili moja linalofika GB 4. Filamu ya GB 6 itakataliwa na flashi tupu ya GB 32, na ujumbe utasema faili ni kubwa mno. Nakili kilichomo kwingine, fomati kwa exFAT, rudisha.

Kama kila kitu kinakataliwa, jaribu kompyuta nyingine. Ikikubali huko, ile ya kwanza imewekewa sera ya kuzuia kuandika, jambo la kawaida kwenye kompyuta za mabenki na maofisi. Ikikataa kote, fungua diskpart, andika list disk, tazama ukubwa kwa makini, select disk na namba yake, halafu attributes disk clear readonly. Amri hii haifuti data.

Bado inakataa? Fanya jaribio la mwisho: futa faili moja lisilo na maana, chomoa, chomeka tena. Faili likirudi kana kwamba hukuligusa, au ukifomati na kila kitu kikarudi kilivyokuwa, kadi imejifunga yenyewe. Chipu nyingi za kudhibiti hufanya hivyo kumbukumbu inapochakaa kiasi cha kutoaminika kuandikwa. Hakuna programu itakayoifungua. Nakili kilichomo leo, kwa sababu kusoma nako kuna mwisho.

Kadi za kamera za usalama na za kamera za gari hufika hapo mapema, kwa kuandikwa usiku na mchana. Ukinunua kadi ya kazi hiyo, tafuta iliyotajwa kuwa ya uvumilivu mkubwa wa kurekodi. Kadi ya simu haikutengenezwa kwa kazi hiyo hata iwe na kasi gani.

Redio ya gari haioni flashi, au inaruka nyimbo

Redio nyingi husoma FAT32 tu. Flashi ya GB 64 hutoka dukani ikiwa exFAT, na dirisha la kufomati la Windows kwa miaka mingi limekuwa likikataa kutengeneza FAT32 inayozidi GB 32; programu ya Rufus huifanya bila shida. Kwa matatu na tuktuk, flashi ya GB 16 au 32 inatosha na inaleta matatizo machache. Mpangilio wa nyimbo ukiwa ovyo, jua kuwa redio nyingi hucheza kwa utaratibu wa kunakiliwa bila kujali alfabeti, kwa hiyo zifute uzinakili upya kwa mpangilio unaoutaka. Zilizonakiliwa kutoka Mac huja na vifaili vya siri vinavyoanza na nukta na mstari wa chini, na redio hujaribu kuvicheza ikakwama. Vifute. Nunua flashi fupi isiyochomoza: ile ndefu hugongwa na goti la abiria wa mbele mpaka inang'oka kwenye lehemu.

Ikishang'oka, usiichomeke ukiishika kwa mkono ili isome. Waya wa volti 5 ukigusa wa data, chipu inaweza kuungua. Vidole ni vinne tu kwa flashi ya USB 2.0, na fundi wa simu mwenye mkono mtulivu anaweza kuvilehemia nyaya, ili mradi njia za shaba kwenye bodi hazijachanika. Flashi zile ndogo kabisa zisizo na bodi, pamoja na kadi ndogo za simu, ni chipu moja iliyomiminiwa yote. Zikipasuka hakuna cha kulehemu.

Faili za mwanzo zinafunguka, za mwisho ni tupu

Hii ni flashi ya uongo. Chipu ya kudhibiti imefundishwa kusema ina TB 2 huku kumbukumbu ikiwa GB 16 au 32. Inapojaa kweli, inaendelea kupokea na kutupa, au inaandika juu ya vya zamani. Majina ya faili yanaonekana, ukubwa unaonekana, ndani hakuna kitu. Kilichopita kiwango halisi hakiokoleki, maana hakikuhifadhiwa popote.

Pima kabla ya kutumia: H2testw kwenye Windows, au f3write ikifuatiwa na f3read kwenye Linux. Zote hujaza kifaa na kusoma tena kila kipande. Kwa flashi kubwa ya polepole kazi hii huchukua saa nyingi, iache usiku. TB 2 inayouzwa kwa bei ya sahani ya biriani haihitaji kupimwa.

Usimlaumu muuzaji lakini kwa GB 64 kuonyesha 59.6, wala diski ya TB 1 kuonyesha 931. Mtengenezaji huhesabu kwa maelfu kamili, Windows kwa 1,024. Hakuna kilichoibwa.

Inaanza kwa kasi, kisha inajikokota

Nakili faili moja la GB 4 utazame namba. Ikitulia kwenye MB 30 hadi 40 kwa sekunde, na kifaa ni cha USB 3.0, njia yako ni ya USB 2.0: tundu, hab, au waya. Waya wenye vichwa vya mviringo vya aina ya C huwadanganya wengi, kwa kuwa mwingi unaokuja na simu ni wa USB 2.0 ndani.

Ikianza juu kisha ikashuka ghafla baada ya GB kadhaa, ni kawaida ya SSD na flashi: eneo la kuandika haraka limejaa. Ikitulia dakika chache hurudi. Ikiwa moto sana, ipeleke mbali na jua. Gari lililoegeshwa mchana wa kaskazi si mahali pa kunakili kitu. Picha elfu moja ndogo zitakwenda polepole kuliko video moja ya ukubwa huo huo kwenye kifaa chochote, hilo si ugonjwa.

Hadi diski ya kuzunguka ikiwa nzito ghafla ni jambo jingine. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, utazame mistari ya 05, C5 na C6. Namba ya C5 ikiwa zaidi ya sifuri, kuna sekta zinazoshindwa kusomeka. Nakili data sasa hivi, ukianza na isiyo na nakala nyingine.

Inagonga

Mlio wa tik, tik, tik wenye mapigo sawa ni vichwa vya kusomea vinavyotafuta njia na kuikosa. Vichwa hivi huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, na chembe ya vumbi kwao ni jabali. Zima. Kila dakika ya kuiwasha ni mkwaruzo mwingine. Usiifungue nyumbani, usiigonge mezani, na ule ushauri wa kuiweka kwenye friji usahau kabisa: kwa unyevu wa Mombasa, diski ikitoka kwenye baridi hulowa ndani na nje. Kubadilisha bodi kutoka diski ya aina ile ile nako hakutoshi kwenye diski za kisasa, mpaka chipu yenye vipimo vya diski ya kwanza ihamishwe. Kama kilichomo kina thamani, inakwenda kwa wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi, ikiwa haijaguswa. Diski iliyopita mikono mitatu kabla ya kuwafikia hutoa kidogo.

Imeingia maji

Maji ya bafuni na ya bahari si sawa. Chumvi hubaki baada ya maji kukauka na huendelea kula shaba. Flashi au kadi iliyoanguka baharini isuuze kwa maji yaliyotoneshwa, yale safi ya betri yanayouzwa vituo vya petroli, ukihakikisha chupa si ya asidi. Kisha isopropili, kisha siku mbili mbele ya feni, kivulini. Mchele hausaidii, unaongeza vumbi. Hadi diski iliyozama ni kinyume chake: usiiwashe, usiikaushe. Ifunge ikiwa bado na unyevu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa uipeleke kwa mtaalamu, kwa sababu maji yakikauka juu ya sahani huacha mabaka.

Simu haiioni

Baadhi ya simu zina swichi ya OTG (inayoruhusu simu kusoma vifaa vya USB) kwenye mipangilio, na nyingine huizima zenyewe baada ya dakika kadhaa. Diski ya NTFS simu nyingi za Android hazisomi. FAT32 ndiyo salama zaidi, na exFAT husomwa na nyingi. Na kadi iliyotolewa kwenye simu ikakataa kusomeka kwingine kote, uliza kama ilifomatiwa kuwa sehemu ya kumbukumbu ya ndani, jambo linalowezekana tangu Android 6.0. Kadi hiyo imesimbwa kwa ufunguo uliomo ndani ya simu ile ile. Simu ikifutwa, ufunguo umekwenda nayo.

Kifaa unachokitupa kwa ubovu nacho kina data. Kadi iliyojifunga haifutiki kwa programu yoyote, kwa hiyo ikate katikati kwa koleo mpaka chipu ivunjike kabla ya kuitia kwenye taka.